Mwana Rozi na Jitu la Udongo

Gaithersburg, Maryland
11 Oktoba 1998

Shikamoo mjomba Boniface,

Nakuandikia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili, maana baridi ya huku imeshaanza na mwenye nyumba anajifanya haioni. Zaidi ya hapo sijambo kabisa. Mguu wako unaendeleaje? Mkaza mjomba amesharudi kutoka Handeni? Mwambie kile kitenge alichonitumia nimekivaa kanisani, na wanawake wa watu wameniuliza nilikokitoa mpaka nikaanza kuringa. Wamaitha, yule nesi wa Nyeri ninayeishi naye, anakusalimu. Nimemfundisha kula bada, ugali wetu wa muhogo. Analalamika tangu tonge la kwanza, lakini sahani inarudi tupu.

Sasa mjomba, kaa vizuri kwenye kiti kabla hujaendelea kusoma.

Nilikuambia kwamba nimepata kazi ya kumhudumia bibi mmoja wa Kizungu huko Germantown, aliyevunjika nyonga akishuka ngazi za nyumba yake. Anaitwa Bi Rosemary. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa Wizara ya Kilimo. Basi juzi natafuta blanketi kabatini, nikakuta nyuma ya masanduku ya viatu picha kubwa iliyotiwa kioo. Mwanamke amevaa gauni lililochanika, amebebwa na jitu la udongo, mdomo wazi. Niliduwaa. Ni picha ileile iliyobandikwa sebuleni kwako Korogwe, juu ya kalenda, ambayo sisi watoto tulikuwa tunaipita mbio.

Mjomba, bibi yangu ndiye Mwana Rozi wako wa sinema. Rosemary Dallow mwenyewe! Ana miaka sabini na moja, anapenda chai ya rangi na kuku hamtaki.

Nilimrukia kwa furaha nikamwambia kwamba kwetu anajulikana. Hakufurahi hata kidogo. "Funga hilo kabati, Dora," akasema. "Nililipwa kupiga kelele na kubebwa. Picha kumi na moja, na zote nabebwa." Akageukia dirishani.

Linalonisumbua ni hili. Daktari anasema nyonga imepona, kilichobaki ni yeye kutaka. Lakini hataki kushuka. Anashinda chumbani juu, pazia nusu. Mwanawe Tobias, anayekaa Springfield upande wa Virginia, huja kila Jumapili, na ameshasema: kama hadi Pasaka mama yake hajaweza kushuka ngazi na kutoka nje mwenyewe, nyumba itauzwa na yeye atapelekwa makao ya wazee. Si mtu mbaya, anaogopa mama asije akaanguka tena. Na mama hataki kuondoka kwake, analia nikilitaja jambo hilo, ila mguu hanyanyui. Nikimbembeleza ananijibu, "Nitoke niende wapi?"

Wewe ndiye uliyemjua tangu zamani. Nipe la kumwambia.

Mpwa wako,
Dorothea


Korogwe
9 Novemba 1998

Mpwa wangu Dora,

Marahaba, marahaba tena. Mguu wangu usiuulize, una akili zake. Mkaza mjomba wako amerudi na kuku wawili na maneno mengi. Vuli imekuja kidogo na mahindi yanajikongoja. Mama yako mzima, anataka nikuulize habari za mchumba. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa sababu sipokei amri za watoto. Nilipofika kwenye lile jina nikakaa.

Mwana Rozi yu hai! Na wewe ndiye unamchemshia chai! Umezaliwa na bahati, mtoto wewe, na hujui.

Ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo acha nikueleze. Kila Jumamosi gari la sinema lilikuja kwetu kwenye shamba la mkonge. Shuka jeupe linatandazwa ukutani pa ghala, na watu wa kambi zote wanakaa chini: Wangoni, Wamakonde, Waha, Warundi, watu waliokata mkonge wiki nzima mpaka viganja vimejaa miiba. Kiingereza nani anakijua? Ni mjomba wako, niliyesomeshwa na mapadri. Nilisimama juu ya pipa na bomba la bati mdomoni, nikawafasiria picha neno kwa neno.

Wanaume wa picha zile sikuwapenda. Kazi yao kuvuta sigara na kuinamia ramani. Steringi, shujaa wa picha, alikuwa Rozi. Mwambie hivi: lile jitu la udongo lilikuwa linaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni sauti yake. Akipiga ukelele, udongo unapasuka. Ndiyo maana alikubali kubebwa, awe karibu na sikio la adui! Halafu akawa analisemesha. Mtazame midomo akiwa kifuani kwa lile jitu, analiambia pa kwenda nalo linatii. Mwisho akalifikisha ukingoni mwa machimbo, akaruka nalo, akatokea upande wa pili nywele zikiwa vilevile.

Watu walisimama, Dora. Vibarua wale walipomaliza mikataba wakarudi kwao, waliondoka na jina lake. Kuna kina Rozi mpaka Songea, na wengine sasa ni mabibi.

Muulize kama amesahau. Akitaka, nitamwandikia nyingine, moja kila wiki. Ninazo zote kichwani.

Mjomba wako,
Boniface


Gaithersburg
10 Januari 1999

Shikamoo mjomba, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote,

Krismasi tulikula pilau nyumbani kwa Mtanga mwenzetu mmoja, Fahmi, ambaye si Mkristo lakini pilau ndiyo ibada yake. Juzi theluji imeanguka, gari la Wamaitha, ambalo ndilo hunipeleka kazini, likakwama kwenye barabara kuu ya 270, na wagonjwa wake na bibi yangu wote wakapata chai ya asubuhi saa ya chakula cha mchana.

Barua yako ya kwanza nilimsomea Bi Rosemary, nikitafsiri taratibu. Mwanzoni alikunja uso. Nilipofika pale udongo unapopasuka, akaniambia nirudie. Nilipofika kwenye nywele alicheka mpaka akajishika nyonga. Kisha akauliza, "Halafu nikafanya nini?"

Mjomba, tangu siku hiyo nyumba imebadilika. Barua ya wezi wa farasi imefika, na ile ya treni, ambayo unasema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha na wanaume walikuwa abiria. Huku barua haziletwi mlangoni. Masanduku yote yamewekwa pamoja mwisho wa safu ya nyumba. Siku moja naosha vyombo nikasikia hatua. Namkuta chini ya ngazi, koti juu ya nguo ya kulalia, ananiambia, "Nataka kuangalia tu kama posta imepita." Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia. Tulikwenda tumeshikana mikono. Sasa anakwenda kila siku kwa mkongojo wake, na majirani wameanza kumwamkia. Tobias sijamwambia, nataka aje aone mwenyewe.

Na ameanza kuzungumza. Alitoka mji wa Toledo, mtoto wa fundi wa matairi, akashinda shindano la urembo lililoandaliwa na wauza sabuni. Lile tope la jitu lilikuwa uji wa oti uliotiwa kakao, na kwenye jua la California ulichacha ikifika mchana. Anasema mpaka leo hawezi kunywa kakao.

Sasa mjomba, tuje kwako. Wamaitha ameipata ile picha kwenye duka la kanda za video. Aliingia nayo mlangoni anapiga kelele: "Wee Dora, si huyu ni cucu wako? Nimempata kwa duka ya movies, ameketi hapo chini na ma-cartoon!" Cucu kwao ni bibi. Tukaitazama. Mjomba! Jitu linambeba, linamdondosha machimboni, anakufa. Picha haijafika hata nusu! Kisha profesa mmoja wa hao wa ramani analilipua jitu kwa baruti na kuoa mwanamke mwingine. Wamaitha alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Uncle yako alikuwa anajitungia tu, na hakuna mtu ali-notice!"

Sema kweli. Hao mapadri walikufundisha Kiingereza, au walikufundisha "good morning" wakaishia hapo? Mashamba yote ya mkonge umeyalisha uongo miaka na miaka, na hukucheka hata mara moja! Nimeshawasimulia Watanzania wote wa huku.

Mpwa wako mpenda ukweli,
Dorothea


Gaithersburg
21 Februari 1999

Shikamoo mjomba,

Mama ameniandikia kwamba u mzima, unakula na unagombana na redio kama kawaida. Nimefurahi. Kwa hiyo si mguu.

Barua yako ya mwisho, ile ya mwanamke wa angani, imefika mwanzoni mwa mwezi. Tangu hapo kimya. Kama ni kwa yale niliyoandika Januari, mjomba, ulimi wangu umekuwa mrefu tangu utotoni na wewe ndiye uliyekuwa ukiusifia. Naomba unisamehe.

Bi Rosemary alikuwa akienda kwenye sanduku na kurudi mikono mitupu. Akaniuliza, "Amenichoka?" Baadaye akaacha kwenda. Sasa yuko juu tena, pazia nusu. Tobias amemletea kitabu chenye picha za makao ya wazee, wote wanacheza karata na wote wanatabasamu. Ameshapanga siku ya kwenda kuyaona, Jumatatu ya Pasaka. Nimechoka na nimeogopa, nakuambia wazi.

Ilinibidi nimweleze kwa nini umenyamaza. Nikamwambia nimeitazama picha, na kwamba mjomba wangu alitia chumvi. Kisha akaniagiza niweke kanda, niisimamishe pale anapobebwa. "Tazama midomo yangu," akasema.

Mjomba, midomo inacheza. Ukelele umekwisha na midomo bado inacheza.

Ndani ya lile jitu alikuwamo Mtaliano mmoja mpole aitwaye Gino, na kinyago hakikuwa na matundu ya maana. Alikuwa haoni kitu. Mara ya kwanza nusura waanguke wote wawili kutoka juu. Ndipo Bi Rosemary akaanza kumwelekeza kwa sauti ya chini: kushoto, kulia, hapo pana jiwe, nyanyua mguu. Alifanya hivyo picha zote walizocheza pamoja. Mwongozaji hakujua, na waliokwenda kutazama Marekani nzima hawakuona. "Walisema najua kupiga kelele tu," akaniambia. "Mjomba wako peke yake ameona kwamba nilikuwa kazini." Akalia, na mimi nikalia, tukanywa chai.

Kwa hiyo nimekosa mara mbili: nimekukejeli, na nimekukejeli kwa jambo uliloliona mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi. Wakenya na Watanzania wa huku wana chakula cha pamoja siku ya Pasaka, ukumbini. Wamaitha hana siri, ameshatangaza, na wanataka picha ionyeshwe kwa Kiswahili kama ulivyokuwa ukifanya. Bi Rosemary anasema atakuja kama tu itasimuliwa kwa maneno yako. Wameniteua mimi. Sijui pa kuanzia, mjomba. Usiniache.

Dorothea


Korogwe
20 Machi 1999

Dora,

Marahaba. Barua hii nampa Laurean, mtoto wa jirani yetu, anayekuja huko kuanza kazi ubalozini, maana posta haitaiwahi Pasaka.

Nilinyamaza kwa sababu ya paa. Paa lilivuja, na mtu akivujiwa haandiki. Mkaza mjomba anasema paa halina hata tundu; usimsikilize. Kuhusu ule mwisho mlioutazama, huenda Wamarekani walikata kipande. Watu wale hukata sana.

Habari ya midomo nimeisoma mara nyingi. Mkaza mjomba aliniuliza kitambaa cha nini, nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Mwambie Bi Rozi sijamchoka. Mwambie nilimtazama Jumamosi nyingi kuliko nilivyomtazama mke wangu, na mke wangu analijua hilo.

Sasa sikiliza. Simama kando ya shuka, usisimame mbele. Zima sauti yao. Usishike karatasi, tazama nyuso za waliokaa, ndizo zitakazokuambia neno linalofuata. Wanaume wakiinamia ramani, waache wainame, hapo ndipo unapokunywa maji. Yeye akitokea, sema unachokiona. Na akianguka, Dora, usinyamaze. Watu wote hunyamaza hapo. Ukinyamaza, amekufa. Endelea kusema mpaka wamwone tena.

Boniface


Gaithersburg
18 Aprili 1999

Shikamoo mjomba wangu,

Laurean alifika Ijumaa Kuu, barua yako mfukoni imekunjamana, akakaa kwetu kula bada na Wamaitha. Wote wawili walilalamika. Mjulishe mama yake kwamba hajambo na amepata koti.

Ukumbi ulijaa. Pilau ya Fahmi ilikuwepo, mukimo, chapati, nyama ya kuchoma, na watoto wanakimbia kati ya viti wakijibu Kiswahili kwa Kiingereza. Bi Rosemary nilimpelekea maneno yako kuhusu mkeo akacheka, akavaa gauni la buluu. Kushuka ngazi alishuka kwa kunishikilia. Tobias alituendesha, akakaa karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Maisha yake yote mama yake alimkataza kuzitaja picha zile. Alikuwa hajawahi kuona hata moja.

Wamaitha akatandaza shuka lake ukutani. Tukazima sauti. Maneno ya kwanza yalinitoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Lakini wanaume wakainamia ramani, nikanywa maji, nikatazama nyuso. Wamama wa Nyeri, wazee wa Moshi, wanafunzi, wote wananingoja. Rozi akatokea. Nikasema ninachokiona. Alipobebwa nikawaambia, "Mtazameni midomo!" na ukumbi mzima ukainama mbele kutazama. "Analiambia jitu lipite kushoto. Mnaona? Limepita!" Wakapiga makofi.

Kisha akaanguka. Mtoto mmoja wa Mkenya aitwaye Wainaina, aliyekaa kule mbele, akapiga kelele, "Auntie, she's dead!"

Watu wakacheka, halafu kukawa kimya. Wakanitazama. Nilimwona Bi Rosemary kule nyuma ameinamisha kichwa, na ndipo nikasikia sauti yangu inasema: "Nani kasema kafa? Mmeuona mwili? Yuko chini anavua viatu, maana kwa viatu vile hapandi mtu." Nikaendelea. Profesa anazungumza, mimi nasema Rozi ameshika mzizi. Profesa anabusu mwanamke mwingine, mimi nasema ameweka mguu kwenye jiwe, anapumzika, anapanda tena. Baruti ikalipuka, nikawaambia huo ni ukelele wake, jitu limepasuka. Picha ikaisha, shuka likabaki jeupe tupu, na mimi bado nasema anapanda, anapanda, watu wangu, amebakiza kidogo.

Kiti kikaburuzwa nyuma.

Alisimama, mjomba. Mkongojo ameuacha kwenye kiti. Akaja katikati ya safu peke yake, polepole, mkono mmoja ukigusa mabega ya watu kwenye ncha za safu. Waliogeuka wakamtambua, wakawashtua wenzao. Vigelegele vilivyopigwa hapo, Wakikuyu kwa mtindo wao na sisi kwa wetu, sijawahi kuvisikia hata arusini. Akafika nilipo, akanishika mkono, akawageukia, akavuta pumzi na kupiga ule ukelele. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Wamaitha alikuwa analia na sufuria mkononi.

Tobias alikuwa amesimama. Funguo zimemdondoka na hakuziokota.

Siku ya pili yake alipiga simu kwamba hakuna safari ya kwenda kuyaona yale makao, basi. Jumamosi akaja na mbao na drili. Akafunga ubao wa kushikia kuanzia juu ya ngazi mpaka mlango wa nje, akaupiga msasa mama asichomwe. Mimi aliniuliza jambo moja tu, kama urefu unamfaa.

Mpwa wako,
Dorothea


Korogwe
15 Mei 1999

Mpwa wangu,

Marahaba. Mahindi yamenyanyuka, mguu umetulia, na mama yako amekuandikia mwenyewe, jiandae.

Jumapili niliwaita wazee waliobaki kutoka kambini. Si wengi siku hizi. Mkaza mjomba akapika chai, nami nikawasomea barua yako, nikiongeza pale ulipopunguza. Niliwaambia kwamba kwa ukelele ule vioo vya ukumbi vilipasuka. Niliwaambia kwamba vigelegele vilisikika mpaka kwa Rais wao, akatuma mtu kuuliza kuna nini. Niliwaambia kwamba gari aliendesha Mwana Rozi mwenyewe, na mwanawe akakaa nyuma. Walifurahi sana. Mzee mmoja Mmakonde, ambaye hushinda amesinzia, alikuwa macho muda wote.

Ndiye aliyeniuliza: "Sasa Rozi anaishi wapi?"

Nikamjibu, "Kwake."

Wakangoja niendelee, maana wananijua. Sikuongeza neno.

Mjomba wako,
Boniface